Fundi Aliyekuwa Injini

Mdogo wangu alikuwa injini kwa miaka mitatu. Najua mtu akisoma hivyo atadhani uzee umeniingia kichwani, lakini hata mimi aliponiambia mara ya kwanza nilimuuliza kama amekula mchana.

Kazi yake ya asili ni kutengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani: pasi, feni, majokofu, pampu za maji, mashine za kufulia. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa duka la magodoro, na watu wote walimwita Fundi, hata mkewe, hata mimi niliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka tisa. Ana tabia moja. Kabla hajasema lolote juu ya chombo cha mtu, husema, "Kwanza kabisa chomoa plagi ukutani, nakuomba." Atasema hivyo hata kama chombo chenyewe kimeletwa kwapani na plagi inaburuta chini. Watu humcheka, naye hucheka nao, lakini haachi. Zamani alikuwa na mwenzake mwenye haraka, asiyechomoa, akamzika, basi.

Juu ya lile duka la magodoro wakahamia vijana wanne na kompyuta zao. Meza yao ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti ya soda. Kiongozi wao alikuwa msichana mwembamba aliyetembea na waya wa chaji shingoni saa zote, kama daktari na kile chombo chake cha kusikilizia vifua. Sisi wa chini tukamwita Chaji, naye akaitika. Siku moja feni yao iligoma, Chaji akashuka karakana. Feni hakuileta. Alileta picha yake kwenye simu.

"Mzee, ukiitazama hivi unaweza kujua ina nini?"

"Kwanza kabisa chomoa plagi ukutani, nakuomba," akasema mdogo wangu. "Halafu ipige picha kwa nyuma, kava likiwa wazi."

Chaji akapanda, akashuka na picha. Fundi akasogeza simu puani.

"Kapasita. Hiyo hapo, imevimba kama shavu la mwenye jino bovu."

Chaji hakuondoka. Alisimama mlangoni akiuma ule waya wake. Kesho yake akaja na picha tano za vyombo vya jamaa zake. Nne Fundi alizijibu palepale. Ya tano akasema hawezi kudanganya, mpaka aisikie inavyolia.

Kampuni yao ilizaliwa hivyo. Mtu ambaye chombo chake kimeharibika anakipiga picha, anaituma kwenye programu yao ya simu, na programu inamwambia tatizo ni nini na afanye nini. Kwenye tangazo waliandika kwamba picha hutazamwa na injini. Sasa injini yenyewe ilikuwa bado haijatengenezwa. Ingetengenezwa, walisema, ikishapata mifano ya kutosha ya kujifunzia. Kwa wakati ule picha zote zilikwenda kwa Fundi, na mteja aliona duara likizunguka na maneno "Injini inafikiri", kumbe mdogo wangu anafuta miwani.

"Huo si uongo?" nilimuuliza.

"Majibu ni ya kweli, kaka."

"Nauliza habari ya injini."

"Injini ni mimi. Mimi si uongo."

Nikaona bora tuongee mambo mengine.

Kampuni ikakua sasa. Mwaka wa kwanza walikuwa watu wanne na Fundi. Wa pili wakawa thelathini, wa tatu wakapita mia, na wamehama mara tatu. Kila nilipokwenda kumtazama nilikuta ukuta umevunjwa na viti vipya bado vimevaa nailoni. Vyeo navyo viliota: Mkuu wa Bidhaa, Mkuu wa Watu, Mkuu wa Ukuaji. Huyu wa mwisho nilimuuliza kinachokua ni kitu gani, akaniambia namba. Nikampa hongera. Kijana aliyeajiriwa Jumatatu, ikifika Ijumaa ndiye mwenyeji, anawaonyesha wageni choo kilipo. Hakuna aliyemjua mwenzake wa meza ya tatu, lakini wote walisalimiana kama waliokua pamoja, na wote walitembea upesi hata wakienda kuchukua maji.

Fundi walimpa chumba mwisho wa ukumbi, kilichokuwa stoo ya ndoo na mafagio. Mlangoni karatasi: INJINI. USIINGIE. Ndani meza, skrini kubwa, kiti kizuri kuliko vyote vya nyumbani kwake, na kinasa sauti ili aseme tu na maneno yajiandike, maana kwa kuandika alikuwa mtu wa vidole viwili. Waliojua aliyekuwa mle ni wachache wa mwanzo. Hawa wapya walidhani ni makompyuta yaliyopangwa juu hadi dari. Siku moja kwenye lifti kijana mmoja alinieleza, kwa heshima kabisa, kwamba injini yao ina joto sana, imewekewa feni yake peke yake.

"Ila siku hizi inakohoa, mzee," akasema. "Tunaisikia asubuhi."

"Mpeni maji ya uvuguvugu," nikamwambia. Akacheka sana. Lifti ile ina kioo, na mimi sipendi kujiona ghafla, basi nilimtazama yeye tu mpaka tukafika.

Picha zilimjia mia hivi kwa siku, na kila moja alipewa dakika nne. Ikipita hapo mteja anachoka na duara, anaondoka. Mdogo wangu alipanga hata kwenda msalani. Chakula alikula kwa mkono mmoja. Na likizo ndiyo usiseme. Ule mwaka wa kwanza alishikwa na homa siku mbili, na kwa siku mbili wateja wote waliona duara tupu. Chaji alikuja nyumbani na machungwa kwenye mfuko, macho mekundu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakulaumu. Alimwambia apumzike. Lakini mkono wake ulikuwa ukiuzungusha ule waya, ukiuzungusha, na mdogo wangu akasoma mwenyewe: akilala yeye, kampuni nzima imelala. Tangu hapo hakuomba hata nusu siku.

Jambo moja lilimtatiza. Wateja waliongezeka wakawa maelfu, lakini picha zake zilibaki mia. Akamuuliza Mkuu wa Bidhaa, akajibiwa, "Nyingine zinashughulikiwa kwingine, mzee." Fundi akaelewa kwamba wamewekwa mafundi wengine katika vyumba vingine, labda katika miji mingine. Alifurahi kwa ajili ya wale wenzake. Kila akionana na Chaji ukumbini alimtuma: "Wasalimie wenzangu huko." Chaji alisema, "Zitafika, mzee wangu," akapita upesi. Mimi niliona ana shughuli nyingi. Kumbe.

Sasa nije kwenye macho.

Mwaka huu mkewe aliona anapima chumvi kwa kidole, hatazami kijiko. Akampeleka hospitali kwa ujanja, akisema anayeumwa ni yeye. Daktari akamkuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeshaiva. Dawa yake ni kupasuliwa, tena si jambo kubwa. Lakini baada ya kila jicho akae wiki mbili bila vumbi, bila kuinama, bila skrini. Akicheza na lile la kulia, daktari alisema, kesho na keshokutwa upasuaji wenyewe utakuwa mgumu na huenda asirudishiwe uono wote. Akapangiwa siku. Siku ikafika, Fundi akaenda kazini. Akapangiwa nyingine, akaenda kazini. Ya tatu vilevile.

Shemeji akanijia.

"Shemeji, huyu mdogo wako anataka kipofu ndani ya nyumba yangu. Mimi nimesema mpaka mate yamenikauka. Nenda wewe. Wewe anakuogopa."

"Haniogopi, shemeji. Ananiheshimu."

"Basi kamheshimishe."

Nikaenda saa nne asubuhi. Nilimkuta pua yake iko karibu kugusa skrini. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu nyumbani, lakini nilipomwona mgongo ule uliopinda yakanipotea. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ile moja waliyoisahau.

"Siku ya nne umepangiwa lini?" nikamuuliza.

"Alhamisi."

"Utakwenda?"

Akatazama duara lilivyozunguka. "Kaka, watu mia na ushee wanakula humu. Wana watoto. Nikiondoka wiki mbili, na tena wiki mbili, watakuta nini wakirudi?"

"Si kuna wenzako wa kwingine?"

"Wana zao mia kila mmoja. Nani atabeba zangu?" Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya utotoni alipokuwa amevunja kitu: "Hebu nitazamie hapa. Nimeijibu hii saa moja iliyopita lakini haitoki moyoni. Waya huu ni rangi gani?"

Ilikuwa picha ya hita ya maji ya bafuni, kava likiwa limefunguliwa.

"Huo kijani," nikasema. "Una mstari wa njano."

"Na huu wa pembeni?"

"Buluu."

"Una hakika?"

"Mdogo wangu, mimi ni mzee, lakini buluu naijua."

Mimi si mtu wa umeme, akanieleza kwa maneno machache: nyaya mbili zimebadilishana mahali. Hita ikiwashwa hivyo, chuma chake kinaweza kupata umeme, na anayeoga ni mtu aliyelowa. Yeye alikuwa ameona rangi zimekaa sawa. Alikuwa amejibu: washa.

Nilimwona akinyanyuka. Miaka mitatu sijamwona akinyanyuka kwenye kiti kile picha ikiwa kwenye skrini. Alifungua mlango wa USIINGIE, akatoka ukumbini, mimi nyuma yake. Vijana wakageuza shingo. Yule wa kwenye lifti alibaki mdomo wazi, nadhani ndiyo kwanza aone injini ikitembea, tena imevaa kandambili. Fundi hakuona mtu. Alipapasa meza kwa meza mpaka chumba cha vioo alimokuwa Chaji, akaingia bila kubisha.

"Mwanangu, mpigie simu mwenye hita, sasa hivi. Nimemwambia awashe, na haifai kuwashwa. Macho yangu hayaoni. Nimewaficha miezi minne. Kunifukuza utanifukuza baadaye, kwanza piga."

Chaji alimtazama, akanitazama mimi, hakuuliza. Akatafuta namba, akapiga, akaiweka sauti wazi mezani. Iliita mara tano. Mdogo wangu nilimwona ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Haloo," ikajibu sauti ya mama mmoja.

"Mama," akasema Fundi, "kwanza kabisa chomoa plagi ukutani, nakuomba."

"Na huyu naye nani?"

"Ni wale wa programu ya simu, mama," akasema Chaji. "Ile hita uliyotutumia picha. Umeiwasha?"

"Niiwashe vipi na mmeniambia nisiiwashe? Mmeandika hapa, nyaya mbili zimekaa pasipo pake, usiwashe, ita fundi umeme. Nimemwita, anakuja saa nane. Nyumba nzima wameoga maji ya baridi, wamenuna, na anayesemwa ni mimi. Sasa mnapiga kuniuliza tena?"

"Tulitaka uhakika tu, mama."

"Basi mmeupata," akakata.

Fundi akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Si chake, kilikuwa na mkoba wa mtu. Akashusha pumzi ndefu, nikasikia na yangu inashuka nayo. Halafu akainua uso.

"Nani amemwambia asiwashe? Mimi nilimwambia awashe."

Chaji akauvua ule waya shingoni, akauweka mezani. Sijawahi kumwona bila huo waya. Alionekana mdogo kama mtoto wa shule.

"Injini, mzee wangu."

"Injini ni mimi."

"Ipo nyingine. Imejifunza kwako, majibu yako yote ya miaka mitatu. Miezi mitano sasa ndiyo inayojibu wateja. Zile mia zako tunazilinganisha na zake, kuipima. Mkitofautiana, mteja anapewa jibu la tahadhari zaidi."

"Na wale wenzangu wa kwingine?"

"Hakuna wenzako. Ni hiyo hiyo."

Mdogo wangu akawaza. "Nilikuwa natuma salamu."

"Ndizo zilizoniponza," akasema Chaji. "Mkuu wa Watu alidhani nimeshakuambia mimi. Mimi nilidhani amekuambia Mkuu wa Bidhaa. Yeye alidhani ni kazi ya Mkuu wa Watu. Nilipojua kwamba hakuna aliyekuambia, ulikuwa umeshaanza kutuma salamu, nikaona haya. Kila wiki nikisema wiki ijayo."

Mlangoni walikuwa wamejazana vijana. Mmoja, mwenye ndevu za kuhesabika, akanyoosha mkono kama darasani.

"Samahani. Mzee amesema haoni rangi?"

"Za nyaya," akasema Fundi. "Buluu na kijani zimeniingiliana."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu hivi imezidi."

Yule kijana akafunika uso kwa viganja, akaanza kucheka, na mwenzake wa nyuma akaketi chini palepale kwenye zulia. Ikabidi Chaji anieleze mimi. Wiki tatu hizo injini na Fundi walikuwa wakitofautiana sana kwenye rangi za nyaya, na kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba Fundi anaweza kukosea, waliamua mbovu ni injini. Vijana sita walikuwa wameacha kazi nyingine zote, wanaifungua na kuifunga, wanatafuta kosa lake. Kosa halikuonekana.

"Tulikuwa tuizime Ijumaa," akasema mwenye ndevu. "Tuanze upya."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu wewe hukosei, mzee."

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, ingawa kufuta kulikuwa hakumsaidii tena. Nilijua anatafuta maneno. Mimi nilidhani ataumia, maana miaka mitano tu nyuma ukimwambia kuna pasi asiyoweza kuitengeneza alikununia. Lakini alichouliza ni hiki:

"Kwa hiyo nikiondoka Alhamisi, duara halitazunguka siku zote?"

"Halitazunguka."

"Na nyinyi mtakula?"

"Tutakula, mzee wangu."

"Basi na mimi kazi sina."

"Unayo," akasema Chaji. "Zipo picha inazosema yenyewe haizijui. Ishirini, pengine thelathini kwa siku. Hizo hakuna anayezijua ila wewe. Na hazina dakika nne. Ukitaka kesho, kesho."

Akacheka sasa, mdogo wangu. Kicheko cha kifuani, kile kinachomletea kikohozi, na yule kijana wa lifti akasema pale mlangoni, "Ndiyo hiyo. Ndiyo tunayoisikia asubuhi." Tukacheka wote mpaka wa meza za mbali wakaja kuuliza kumetokea nini, wakaambiwa injini inakwenda likizo.

Alhamisi alipasuliwa jicho la kulia. Shemeji alikaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, mkoba magotini, akisema alikuwa amejiandaa kumfunga kamba. Nusu saa tu, akatoka na kitambaa jichoni, anauliza chakula.

Siku ya nne nyumbani alichoka kukaa. Skrini amekatazwa, kuinama amekatazwa, ndipo akaniita.

"Kaka, ile feni ya sebuleni inalia. Ipige picha, uitume kwao."

"Si umekatazwa?"

"Nimekatazwa kutazama. Wewe tazama, mimi nitasikiliza."

Nikaipiga, nikaituma kwa simu ya shemeji. Hakukuwa na duara. Kabla sijaishusha simu jibu limeshafika, nikamsomea: "Kwanza kabisa chomoa plagi ukutani, nakuomba."

Shemeji akatoka jikoni mbio. "Nani huyo tena anasema hivyo? Mmekuwa wawili?"

Fundi alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, jicho moja limefungwa, la pili limefumba lenyewe kwa raha. "Endelea," akaniambia. "Inasema ina nini?"

Nikaendelea. "Kwenye picha sioni kibaya. Labda ni sauti, na sauti siwezi kuisikia. Swali hili nalipeleka kwa Fundi." Chini yake mstari mwingine, maandishi madogo, nikasogeza simu mbali ili niyaone: "Fundi yuko likizo, anarudi baada ya wiki mbili. Tafadhali subiri."

Akanifanya nimsomee ule mstari wa mwisho tena. Nikausoma. Feni inalia kule juu, shemeji anaitafuta swichi ukutani.

"Kumbe naweza kusubiriwa," akasema, akavuta shuka mpaka kifuani, akalala mchana kweupe.